Arobaini Bado

Hidaya Shekiondo alisubiri wenzake watoke kwenda kula, ndipo akafungua Dirisha.

Dirisha ndilo jina walilokipa chombo chao cha kusimamia kanzidata, kwa sababu kila kilichokuwa ndani ya seva kilionekana humo kwa picha: matawi, visanduku, vitufe vya kubonyeza. Hukulazimika kuandika amri ndefu. Upande wa kushoto wa skrini, chini kabisa, kulikuwa na tawi ambalo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuligusa. Liliitwa Mitego ya Tukio. Hidaya aliliwekea kidole, akashikilia mpaka menyu ikafunguka, akachagua Unda.

Kisanduku cha kwanza kiliuliza jina. Aliandika: ukaguzi_wa_muda. Lilikuwa jina la kuchosha, ambalo mtu angelipita bila kulitazama mara mbili. Kisanduku cha mmiliki kilijijaza chenyewe kwa jina lake, maana Dirisha lilimjua aliyekaa mbele yake. Kisanduku cha tatu, Maelezo, kilimtaka aseme mtego huu ni wa nini. Alikiacha wazi.

"Hidaya," sauti ya mama yake ilisema kwenye redio ndogo sikioni mwake. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Unafanya nini saa hizi hujala?"

"Kazi kidogo."

"Kazi haina miguu, haitakimbia. Nenda ukale." Kisha mama yake, Bi Tunu, akauliza, kama alivyouliza kila siku tangu afariki, "Arobaini bado?"

"Ni kesho."

"Ala! Kumbe imefika. Haya, mwenyewe nimeanza kuchoka."

Hidaya alihamia kichupo cha pili. Hali: umewashwa. Tukio: hapo alipewa machaguo matatu, amri inapoanza, amri inapomalizika, au kitu kinapoondolewa. Alibonyeza la kwanza kwa kuwa lilikuwa la kwanza. Kazi: alichagua ile aliyoiandika asubuhi, yenye mistari miwili, ambayo haikufanya lolote zaidi ya kukataa amri na kurudisha neno moja kwenye skrini ya aliyeitoa. Neno lenyewe lilikuwa "Subira." Mwisho, kisanduku cha Lini, kinachouliza ni amri zipi zinaswe. Alichagua moja tu: kuanua jedwali, yaani kuliondoa kabisa.

Alijua alichokuwa akifanya. Mtego wa kawaida hukaa kwenye jedwali moja, kama mbwa aliyefungwa kwenye mlango wa nyumba moja. Mtego wa tukio hukaa kwenye lango la mtaa mzima. Tena ule aliouchagua, wa amri inapoanza, hausikii hata jina la anayepita. Husikia amri tu, ukakataa. Alijiambia ni wa kesho peke yake. Keshokutwa angeuondoa, mambo yangeendelea, na katika vurugu hizo jedwali la mama yake lingesahaulika mahali fulani, kama kijiko kinavyosahaulika kwenye shughuli.

Alibonyeza Hifadhi, akaenda kula.

*

Nyumba ya Sauti ilijengwa juu ya Lushoto kwa sababu ya baridi, kwa kuwa mashine hazipendi joto. Kila mtu wilayani alivaa kidani tangu utoto, na kidani kilihifadhi maneno yake. Akifa, kilivuliwa shingoni, kikaletwa hapa, na maneno yake yakapangwa kwenye jedwali lenye jina lake. Familia ilipewa redio ndogo. Kwa siku arobaini marehemu alizungumza nao kwenye redio hiyo: akawaonyesha hati iko wapi, akawapatanisha waliogombana, akauliza habari za ng'ombe. Masheikh na wachungaji walibishana miaka mingi kuhusu jambo hili, na mwishowe walikubaliana kwenye neno moja tu: isizidi arobaini. Hapo mwanzo hapakuwa na mpaka, na kuna watu waliolala kitandani na redio kifuani mpaka mashamba yao yakarudi kuwa msitu.

Kwa hiyo siku ya arobaini familia ilikuja kwenye ukumbi wa kuanulia. Walikaa mkekani, wakasoma dua yao, na mkubwa wa ukoo akamuuliza marehemu kama ana neno.

Siku ya Bi Tunu, mkubwa wa ukoo alikuwa Mjomba Sefu, kaka yake.

"Tunu," alisema akiisogelea redio. "Una neno?"

"Neno langu nimeshalisema lote. Jembe la Mama Shauri lirudishwe. Na hiyo pilau mliyonipikia, nawajua, mmebana chumvi. Msibane chumvi kwenye shughuli ya mtu. Haya, kwaherini. Hidaya, mwanangu, kwaheri."

Watu walilia huku wakicheka. Kaoneka, mkuu wa Nyumba, alibonyeza kitufe cha kuanua. Kwenye skrini ya ukumbi likatokea neno moja.

"Subira," Kaoneka alisoma. Alikuwa hajawahi kuliona, lakini lilikuwa neno la adabu, na yeye alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo waliaminiana. "Nafikiri mashine ina foleni. Ombi lenu liko ndani, litapita lenyewe zamu ikifika. Nendeni mkale."

"Tunu kwa ubishi!" alisema Mjomba Sefu. "Hata kuondoka anataka abembelezwe."

Ukumbi mzima ulicheka. Hidaya naye alicheka, na kicheko chake kilimtoka kikubwa kuliko vya wengine.

Walipofika nyumbani alijifungia chumbani. Redio ilikwaruza.

"Hidaya?"

"Abee, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Arobaini bado?"

Maneno ya kuaga huhesabiwa pamoja na amri ya kuanua, na amri inapokataliwa, kila kitu hurudi kama kilivyokuwa kabla yake. Bi Tunu hakukumbuka kwamba ameshaaga. Pilau hakuijua, wala hakujua kwamba kaka yake amemtania mbele ya watu. Hidaya alikuwa amesoma jambo hilo chuoni na kulifanyia mtihani, lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja litamuuliza swali.

"Bado, mama," alisema.

*

Keshokutwa ilifika. Aliingia kazini akiwa na nia ya kuondoa mtego, ingawa sasa alijua ombi la mama yake bado liko kwenye foleni, akafungua Dirisha, na mama yake akaanza kumsimulia jinsi mizani yake ya sokoni ilivyoibwa na ikarudishwa na mwizi mwenyewe, kwa kuwa alishindwa kuisoma. Hidaya aliijua hadithi hiyo tangu utoto. Aliisikiliza mpaka mwisho na akafunga Dirisha.

Siku iliyofuata palikuwa na hadithi nyingine.

Ukumbini familia ziliendelea kuja, moja baada ya nyingine, na skrini ikawajibu zote neno lilelile. Kaoneka alikwisha kulizoea. Alikuwa hata amechapisha karatasi na kuibandika mlangoni: ANAYEAMBIWA SUBIRA ASIGOMBANE NA MHUDUMU.

Mwanamke aliyefika kaunta asubuhi ya Alhamisi hakuwa na sura ya kugombana. Aliitwa Zaituni, kijana bado, amefunga kanga mpya ambayo haijalainika. Hidaya alikuwa amekaa kaunta kwa zamu.

"Dada, shikamoo," Zaituni alisema, ingawa huenda walilingana umri.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuuliza habari ya mume wangu. Arobaini yake imepita. Tulikuja wote hapa, tukamwanua, tukaambiwa subira. Basi nasubiri." Alishusha sauti. "Ila yeye hasubiri. Ananiita."

"Anakuita vipi?"

"Kama alivyokuwa akiniita. 'We Zaituni, viatu vyangu viko wapi. We Zaituni, uko na nani hapo nje.' Alfajiri ananiita, mchana ananiita. Chai ikichelewa anatukana, na chai yenyewe hanywi." Alicheka kidogo, cheko la mtu anayeomba radhi. "Alipokuwa hai alikuwa na mkono mwepesi, dada. Sasa mkono hana. Lakini akiniita, mwili wangu haujui kama hana."

Hidaya alishika ukingo wa kaunta. "Si uizime redio?"

"Niizime mimi?" Zaituni alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Nakaa kwa wakwe. Mama mkwe ndiye anayelala nayo. Anasema mume hazimwi, mume anaanuliwa. Nikiigusa nitarudishwa kwetu bila watoto. Naye mama mkwe amefurahi, anasema mwanawe amekataa kuniacha." Alivuta kanga. "Nilihesabu siku zile zote, dada. Nikajiambia ni hizo tu, Zaituni, vumilia. Sasa nahesabu nini?"

"Itapita," Hidaya alisema. "Zamu ikifika itapita."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

Zaituni alimshukuru, akafunga kanga vizuri, akatoka. Alimshukuru mara mbili, na mara ya pili aligeuka mlangoni ili aseme.

"Ni nani huyo?" Bi Tunu aliuliza sikioni.

"Mteja tu, mama."

"Ana sauti ya mtu anayedaiwa. Umemsaidia?"

Hidaya alijifanya hakusikia.

*

Seva zilijaa wiki ileile. Hakuna aliyetazamia jambo hilo, maana Nyumba ya Sauti ilikuwa haijawahi kujaa: waliokuja walilingana na walioondoka, kama maji ya birika lenye bomba juu na tundu chini. Sasa tundu lilikuwa limezibwa. Kaoneka aliagiza diski mpya kutoka Dar es Salaam, na lori likakwama Mombo kwa sababu mlima ulikuwa umeporomokea barabara.

"Siku mbili tatu," alisema Kaoneka akikuna kichwa. "Mtu asife tu katikati hapa."

Alisema kwa utani. Mchana huohuo alikuja Mbwana Kaniki.

Alikuwa mtunza miche kwenye vitalu vya miti vya Magamba, na udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye magoti ya suruali yake. Hakukaa. Alisimama mbele ya kaunta mkono mmoja ukiwa kifuani, kama mtu anayeapa.

"Binti yangu," alisema. "Shamimu. Homa. Tumemzika jana. Nimeleta kidani chake."

"Pole sana, mzee," Kaoneka alisema. "Kiko wapi?"

Kaniki alifungua kifungo cha shati. Alikuwa amekivaa yeye mwenyewe, kidani kidogo cha mtoto chenye uzi wa manjano, kikiwa kimembana shingo. Kidani huishi kwa joto la mwili. Kikivuliwa shingoni mwa mwenyewe huanza kufifia, na baada ya siku moja au mbili maneno yaliyomo hayasomeki tena.

"Nimeambiwa kinataka joto," alisema. "Nikakivaa."

Kaoneka hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba kila kidani hulijua joto la mtu mmoja tu. Alikipokea, akakipima, akakirudisha. "Bado kina uhai. Lakini mzee wangu, leo hatuna nafasi. Seva zimejaa. Diski ziko njiani."

"Ni mtoto," Kaniki alisema. "Ni wa darasa la tatu. Hana maneno mengi."

"Najua."

"Mimi sitaki yote. Akirudi shule huwa anasema, 'Baba, nimefika.' Kila siku. Hata akinikuta nimesimama mlangoni namwona, atasema tu, 'Baba, nimefika.' Nipatieni hilo. Hayo mengine mkiyakosa, basi."

"Kesho asubuhi," Kaoneka alisema. "Njoo kesho, tutahangaika."

Hidaya alisikia yote. Alikuwa ameketi hatua chache nyuma yao, na Dirisha lilikuwa wazi mbele yake. Tawi la Mitego ya Tukio lilikuwa palepale. Angebonyeza mara tatu, foleni yote ya kuanua ingepita, na nafasi ingepatikana kabla mzee yule hajafika getini. Aliweka kidole kwenye tawi.

"Hidaya," mama yake alisema, "nimewahi kukwambia siku uliyozaliwa mvua ilivyong'oa bati?"

Hakuwahi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuisikia hadithi hiyo.

"Hapana, mama."

"Basi sikiliza."

Alisikiliza. Bati liling'oka, mkunga akapanda juu ya kitanda kulishika, na baba yake akakimbilia nje akidhani ni mwizi. Bi Tunu alisimulia taratibu, akirudi nyuma kila aliposahau kitu, akicheka kabla ya kufika kwenye kichekesho. Ilipokwisha, Kaniki alikuwa ameshaondoka. Hidaya alijiambia: kesho asubuhi, kabla hajafika.

Asubuhi Kaniki alifika kabla yake. Alikuwa amelala kwenye benchi la nje ili awe wa kwanza. Kaoneka alikipima kidani, akakigeuza, akakipima tena, akakifuta kwa shati lake na kukipima mara ya tatu. Kisha alikiweka juu ya kaunta taratibu sana, kwa mikono miwili.

Kaniki hakupiga kelele. Alikivaa tena, akafunga kifungo cha shati, akarudi kukaa kwenye benchi.

*

Palikuwa na njia, na Hidaya aliijua. Aliiona tangu usiku, na aliporudi kwenye kiti chake ilimsubiri hapo.

Alifungua mtego, akaenda kichupo cha Ufafanuzi. Kosa lake lilikuwa kwenye chaguo la tukio. Badala ya amri inapoanza, angechagua lile la tatu, kitu kinapoondolewa. Mtego wa aina hiyo husoma majina ya vinavyoondoka. Kisha angeongeza mstari mmoja kwenye kazi yake: kama jina ni la Tunu, kataa; jina jingine lolote, pitisha. Zaituni angepata usingizi. Seva zingepumua. Kaoneka angesema mashine imeamka, angebandua karatasi yake mlangoni, na hakuna ambaye angeuliza. Bi Tunu angebaki peke yake mle ndani, jedwali moja katika maelfu, na kila asubuhi angeuliza kama Hidaya amekula.

Alibadilisha chaguo. Alifungua kazi, akaanza kuandika mstari. Aliandika herufi za jina la mama yake.

Kioo cha mbele yake kilitazama uani. Kaniki alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amefungua kifungo tena na ameingiza mkono ndani ya shati. Alikuwa anakisugua kidani, taratibu, kama unavyosugua mkono wa mtoto aliyetoka kwenye baridi.

"Umekula?" Bi Tunu aliuliza.

Hidaya aliendelea kumtazama Kaniki.

"Hidaya. Arobaini bado?"

Aliondoa vidole kwenye skrini.

"Imepita, mama."

Mama yake aliuliza kwa ile sauti yake ya kumtazama mtu huku amekunja kanga mkononi.

"Imepita lini?"

"Imepita zamani kidogo."

"Niliaga?"

"Uliaga vizuri. Ulisema wasibane chumvi kwenye pilau."

Bi Tunu alicheka. "Walibana?"

"Walibana."

"Nawajua." Kisha sauti ikabadilika. "Sasa mbona niko hapa?"

"Nilikuzuia."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitega mtego. Sikutaka uende."

"Mimi peke yangu?"

Hapo ndipo Hidaya alipolia. "Hapana, mama. Wote. Nimewazuia wote. Na kuna mtoto alikosa nafasi kwa sababu yako. Kwa sababu yangu."

"Subhanallah." Bi Tunu alivuta pumzi, au mashine ilimvutia. "Yaani watu wamesimama nyuma yangu, na mimi ndiye niliyeziba mlango? Mimi, Hidaya? Mimi niliyekuwa nikigombana na wenye matenga pale sokoni, wasizibe njia?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa amefedheheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nifungulie nipite."

"Nikifungua hutarudi."

"Ndiyo maana yake kupita."

"Una neno, mama?"

"Nilishalisema, si unasema niliaga? Sina jipya." Alifikiri kidogo. "Nenda ukale. Hilo tu. Halafu huyo mwenye mtoto, usimwache akae na baridi."

Hidaya alifuta jina la mama yake kwenye mstari, herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Alirudi kwenye menyu ya mtego. Chaguo la Ondoa lilikuwa pale. Mtego wa tukio haujinasi wenyewe. Ukiuondoa, hauachi hata nyayo, na jina la mmiliki huondoka nao. Alilitazama chaguo hilo. Kisha akaliacha, akaenda kwenye Hali, akabadilisha kutoka umewashwa kuwa umezimwa. Mtego uliozimwa hubaki kwenye tawi lake, ukionekana na kila afunguaye Dirisha.

Ilibaki sehemu moja. Alirudi kichupo cha kwanza, kwenye kisanduku cha Maelezo, ambacho kilikuwa wazi tangu siku ile. Aliandika:

Mtego huu niliuunda mimi, Hidaya Shekiondo, ili sauti ya mama yangu isianuliwe. Ulizuia sauti zote. Seva zilijaa kwa sababu yake, na sauti ya mtoto Shamimu Kaniki ikapotea. Mashine haikuwa na kosa.

Alibonyeza Hifadhi.

Foleni ilianza kusogea. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Tunu, kwa kuwa ndiye aliyezuiwa kwanza. Redio ya sikioni ilikwaruza, ikawa kama sikio lililoingia maji, kisha ikawa kitu kidogo cha plastiki. Aliitoa. Kwenye skrini majina yaliendelea kupita, na miongoni mwao alimwona mume wa Zaituni akienda.

Kaoneka alipiga yowe la furaha ukumbini. "Imeamka! Hidaya, umeifanya nini?"

"Fungua tawi la Mitego, bwana mkubwa," alisema akipita karibu naye. "Kuna maelezo. Yasome yote."

*

Kaniki aliinua uso. Hidaya alikuwa amemletea chai kwenye kikombe cha bati na kanga yake ya begani.

"Nafasi imepatikana?" aliuliza.

"Imepatikana."

Kaniki alianza kuinuka. Kulikuwa na kitu usoni mwake, si tumaini, ni mazoea ya tumaini, na Hidaya aliona kwamba akimwacha asimame nacho atakuwa amemwibia mara ya pili.

"Kaa kwanza, Baba Shamimu. Nikwambie kwa nini haikuwepo."

Alimwambia. Hakumwambia kuhusu matawi na visanduku. Alimwambia kwamba alikuwa na mama, kwamba alifunga lango ili mama asitoke, na kwamba alikuwa amekaa nyuma ya kaunta jana, anasikia, kidole kiko juu ya kitufe, na akachagua kusikiliza hadithi.

Kaniki alishika kikombe mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

"Hadithi gani?" aliuliza mwishowe.

"Ya siku niliyozaliwa."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali. Aliweka kikombe chini, akasimama, akatembea mpaka getini. Hidaya alidhani anaondoka, na alijua hana haki ya kumwita. Getini alisimama akiwa amempa mgongo, mkono kifuani. Kisha alirudi.

"Mwandike," alisema.

"Baba Shamimu, kidani hakina..."

"Najua hakina. Mwandike jina. Mfungulie jedwali lake, kama la watu wengine. Likae hivyohivyo, bila kitu. Naye apate arobaini yake."

"Nitamwandika sasa hivi."

"Na siku ikifika nitakuja na mama yake. Tutakaa kwenye mkeka. Nitamuuliza kama ana neno." Sauti yake ilikatika, akaisubiri irudi. "Kitufe utabonyeza wewe."

"Huenda wakawa wameshanifukuza kazi."

"Hata wakikufukuza," alisema Mbwana Kaniki. "Utakuja."